Kupanga Safari ya Kuvua Trauti kwenye Mto Mgeni Uliofungwa Bwawa: Mfano wa White River, Arkansas

Aliyekulia pwani hasukumi ngalawa majini kabla ya kujua kama maji yanapwa au yanajaa. Mto uliofungwa bwawa la umeme unadai adabu hiyohiyo, kwa sababu nao unapwa na kujaa ndani ya siku moja, isipokuwa ratiba yake haipangwi na mwezi bali na mahitaji ya umeme ya watu walio mbali na mto wenyewe. Msomaji aliyewahi kuvua trauti kwenye vijito vya Nyandarua nchini Kenya, ambako samaki huyo aliletwa mwaka 1905, amezoea mto unaojaa kwa mvua, na mawingu ya mlimani humwonya mapema. Kwenye mto wa bwawa, maji yanaweza kupanda zaidi ya mita 2 chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, samaki wanafuata baadaye. Mfano nilioutumia ni White River, chini ya bwawa la Bull Shoals, kaskazini mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, mto ambao sisi tunaokaa Memphis, jimbo la Tennessee, tunaufikia kwa gari kwa takribani saa 4.

Ujue kwanza mto unaendeshwaje

Bwawa la Bull Shoals lilijengwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, likakamilika mwaka 1951, na Rais Truman akalizindua rasmi Julai 1952. Ukuta wake una kimo cha takribani mita 78, na maji yanayoingia kwenye mashine hunyonywa kutoka chini sana ya ziwa, mahali ambapo jua halifiki, kwa hiyo yanatoka ya baridi hata mwezi wa Agosti. Baridi hiyo iliwaondoa samaki wa asili waliopenda maji ya vuguvugu, na trauti wakapandikizwa kushika nafasi yao. Serikali ikaanzisha katika miaka ya 1950 kituo cha kuzalisha vifaranga pale Norfork, ambacho mpaka leo kinaulisha mto huu na mingine ya jirani.

Bull Shoals ina mashine 8 za kufua umeme. Zinapopumzika zote, mto huachiwa kiasi kidogo tu cha maji ili samaki wasikaukiwe. Tangu mwaka 2013 kiwango hicho cha chini kimelengwa kuwa futi za ujazo 800 kwa sekunde, yaani takribani mita za ujazo 23. Mashine moja ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hupitisha takribani futi 3,000, na zote 8 kwa pamoja hupitisha zaidi ya futi 24,000. Maana yake ni kwamba mahali uliposimama asubuhi maji yakikufika magotini, mchana panaweza kupita maji mara 30 ya yale. Kwa lugha ya kwetu ningesema ni maji mafu na bamvua kuonana kabla ya jua kuzama.

Wiki mbili kabla: tazama ziwa, si mto

Wageni wengi hukosea hapa. Wanachagua tarehe kwa kufuata likizo zao, wanalipia chumba, kisha wanafika na kukuta mashine zote zinazunguka usiku na mchana na hapana mahali pa kutia mguu. Jambo hilo lingejulikana mapema kama wangetazama kimo cha ziwa. Kiwango cha kawaida cha ziwa la Bull Shoals ni futi 659 juu ya usawa wa bahari, ingawa wahandisi huliruhusu kupanda kidogo zaidi katika baadhi ya miezi, na nafasi iliyo juu ya hapo hadi futi 695 imetengwa kwa ajili ya mafuriko. Ziwa likiwa limevuka kiwango chake kwa futi 10 au 20 baada ya mvua za machipuko, maji hayo hayana budi kutolewa, na yatatolewa kwa wingi kwa majuma mengi. Ukiona ziwa liko kwenye kiwango chake au chini kidogo, tarajia mashine ziwashwe saa chache tu kwa siku, pale umeme unapohitajika.

Usiishie kwenye ziwa moja. Juu ya Bull Shoals kuna mabwawa ya Table Rock na Beaver kwenye mto huohuo, na maji yaliyojaa huko yatateremka tu. Huko chini nako, wahandisi huangalia kimo cha mto kwenye mji wa Newport kabla ya kuachia maji ya mafuriko, kwa sababu kuna mashamba yanayoweza kuzama. Ndiyo maana mara nyingine ziwa limejaa pomoni na mto umefungwa: mvua imenyesha chini na wahandisi wanasubiri Newport ipumue. Mgeni hufurahia maji hayo machache akidhani ni bahati yake, kumbe wiki ifuatayo yatafunguliwa kwa mkupuo.

Takwimu za vimo vya maziwa na kiasi cha maji yanayotolewa hupatikana bure kwenye tovuti ya wahandisi hao, tawi la Little Rock, na hutolewa kwa kila saa. Zifuatilie kila siku kwa majuma hayo mawili. Panga pia safari mbili ndani ya safari moja: ya kusimama majini ikiwa mto utakuwa chini, na ya kukodi mashua pamoja na mwongozaji ikiwa utakuwa juu. Mashua za mto huu ni ndefu, bapa na nyembamba, nazo zinafaa kwa maji ya namna hii. Mwongozaji ana gharama, lakini kwa siku ya kwanza kwenye mto mgeni sioni matumizi mengine ya fedha yenye faida zaidi, hata kama mto uko chini, kwani siku hiyo moja itakuonyesha miamba, mashimo na vivuko ambavyo ramani haivisemi.

Leseni

Kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anahitaji vitu viwili kutoka Kamisheni ya Wanyamapori na Samaki ya Arkansas: leseni ya kuvua na kibali cha ziada cha trauti. Vyote hununuliwa mtandaoni. Leseni ya jimbo lingine haifai, na wakazi wa Tennessee au Missouri huhesabiwa kuwa wageni. Ukiwa hapohapo, pakua kijitabu cha kanuni cha mwaka huo na usome kurasa za trauti mpaka mwisho, kwa sababu mto huu una vipande vyenye masharti yake. Pale Rim Shoals, kwa mfano, kila trauti hurudishwa majini, chambo ni cha bandia pekee, na kijino cha ndoano kinachomzuia samaki asichomoke ni lazima kiwe kimebanwa kwa koleo. Karibu na bwawa, kipindi cha Novemba 1 hadi Januari 31 ni cha kuwahifadhi trauti wa kahawia wanaotaga. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa kubaki nao hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee alichokuambia rafiki yako aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Usiku wa kuamkia safari: kusoma ratiba ya mashine

Umeme wa mabwawa haya huuzwa na Southwestern Power Administration, shirika la serikali, nalo huchapisha jedwali la siku inayofuata likionyesha kila bwawa litafua megawati ngapi katika kila saa. Jedwali hilo ndilo kalenda yako ya maji, lakini lina mitego miwili kwa msomaji wa Kiswahili.

Mtego wa kwanza ni saa. Jedwali huhesabu kuanzia 1 hadi 24, na kila namba hutaja saa inapokwisha, si inapoanza. Saa ya 9 ya jedwali ni muda kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi kwa hesabu yetu. Saa ya 13 ni kati ya saa sita na saa saba mchana. Anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza kazini hujikuta akigeuza saa mara mbili kichwani, na akikosea mara moja tu atakuwa amesimama katikati ya mto wakati maji yanafika. Mimi huandika jedwali zima upya kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili, jioni ileile, nikiwa nimekaa na chai yangu, wala sioni haya.

Mtego wa pili ni megawati zenyewe. Mashine moja ya Bull Shoals hutoa takribani megawati 40 hadi 50. Ukiona 0 au namba ndogo sana, mto uko kwenye kiwango chake cha chini. Ukiona 45, ni mashine moja: kwa sehemu nyingi mgeni hapaswi tena kuingia mbali na ukingo. Ukiona 180, ni mashine 4, nayo ni siku ya mashua. Norfork, bwawa la jirani, lina mashine 2 za takribani megawati 40 kila moja, hivyo usisome safu yake kwa kipimo cha Bull Shoals.

Baada ya hapo fanya hesabu ya safari ya maji. Maji yaliyoachiwa bwawani hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Cotter, mji mdogo unaojiita mji mkuu wa trauti wa Marekani, uko takribani kilomita 28 chini ya bwawa kwa njia ya mto. Tuseme jedwali linaonyesha 0 mpaka saa ya 8, kisha 45 kuanzia saa ya 9, kisha 180 kuanzia saa ya 13. Maji ya kwanza yanaachiwa saa mbili kamili asubuhi. Kwa mwendo wa kilomita 5 au 6 kwa saa, unaofanana na wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, yatagonga Cotter karibu na saa saba mchana. Wimbi kubwa la saa sita mchana litayafuata kwa kasi zaidi, kwa maana maji mengi hukimbia kuliko machache. Hivyo mvuvi wa Cotter ana asubuhi nzima, lakini aliyesimama karibu na bwawa anapaswa kuwa nje kabla ya saa mbili.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi upande wa kupwa. Mashine zikizimwa saa nne usiku, maji karibu na bwawa yatakuwa yameshuka kabla ya alfajiri, ilhali Cotter bado itakuwa imejaa mpaka jua lichomoze na pengine zaidi. Kwa sababu hiyo wenyeji huanza juu asubuhi, kisha hupanda gari na kuyatangulia maji chini, wakiruka kituo baada ya kituo. Ni mpango mzuri, mradi uondoke mahali kabla maji hayajakuambia uondoke.

Na jedwali si ahadi. Mtambo ukiharibika mahali pengine, au joto likizidi na watu wakawasha viyoyozi, mashine huwashwa bila taarifa. Kwa jumla, wakati wa kiangazi umeme huhitajika zaidi alasiri, wakati wa baridi huhitajika alfajiri na jioni, na mwishoni mwa juma mahitaji hupungua. Lakini hayo ni mazoea tu. Ving'ora hulia bwawani kabla ya maji kuachiwa, ila ukiwa kilomita kadhaa chini hutavisikia.

Mahali pa kusimama huchaguliwa kwa njia ya kutokea

Fungua picha za satelaiti za mto na utafute sehemu nne au tano za kuingilia zilizo wazi kwa umma: hifadhi ya jimbo iliyo karibu na bwawa, Wildcat Shoals, bustani ya Big Spring pale Cotter chini ya daraja la matao la mwaka 1930, na Rim Shoals. Kwa kila moja jiulize swali moja kabla ya kuuliza samaki wako wapi: maji yakipanda, nitatokea wapi? Fungu la changarawe lililo katikati ya mto, lenye mkono wa maji kati yake na ukingo, huvutia sana kwa macho, na ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu mkono ule mdogo hujaa kwanza wakati wewe bado umesimama pakavu.

Nalisema hili kwa kuwa lilinifika. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na mpwa wangu, na mwenye duka la vifaa tuliyemuuliza asubuhi alituhakikishia kwamba siku hiyo maji hayafunguliwi. Nilikuwa nimeweka jiwe jeupe penye ncha ya maji, nusu ndani, nusu nje, kama nilivyoagizwa na mzee mmoja. Kijana ndiye aliyeuliza, "Mjomba, mbona lile jiwe silioni?" Nilipogeuka, mkono wa maji tuliouvuka ukiwa wa kifundo cha mguu ulikuwa umefika mapajani mwake. Tulivuka tumeshikana mikono, tukiukabili mkondo kwa ubavu, na chombo chetu cha chakula kikaenda na maji.

Tangu siku hiyo jiwe halikosekani, na huligeukia kila baada ya dakika chache. Dalili nyingine ni majani makavu na vijiti vinavyoanza kuelea mahali ambapo maji yalikuwa safi, vipande vya magugu vinavyonasa kwenye ndoano kila unaporusha, sauti ya maporomoko kuzimika kwa sababu mawe yamefunikwa, na ubaridi mpya kwenye miguu. Ukiona mojawapo, usirushe mara moja ya mwisho. Toka.

Vifaa

Suruali ndefu ya mpira inayofika kifuani ni ya lazima hata katika joto la Julai, kwa kuwa maji hayo humshtua mtu akakosa pumzi akianguka ghafla. Funga mkanda kiunoni juu yake, ubane kweli, ili ukianguka isijae maji. Beba bakora ya kukagua kina na vaa jaketi la kuokolea maisha. Kwenye mashua usilivue hata kidogo. Mtandao wa simu ni hafifu kwenye mabonde yale, kwa hiyo piga picha ya jedwali na ramani kabla ya kuondoka chumbani, na mwachie mtu aliye nyumbani jina la mahali utakapokuwa na saa ya kurudi.

Kwa wanaotumia chambo cha manyoya, ufito wa futi 9 wa nambari 5, yaani namba ya uzito wa mshipi wake, unatosha kwa karibu kila kitu. Kwa wanaotumia gurudumu la kawaida, ufito mwepesi wenye mshipi unaohimili ratili 4 unafaa. Maji ni angavu mno, na mshipi mnene huonekana.

Samaki wenyewe

Mto ukiwa chini, trauti hula vitu vidogo: usubi, na vijidudu vya maji vya jamii ya kamba vinavyojificha kwenye magugu. Kichambo cheusi chenye pete za uzi wa fedha, cha ndoano nambari 16 au 18, kikining'inizwa chini ya chelezo na kuachwa kitembee kwa mwendo uleule wa mkondo, kitamdanganya trauti wa upinde wa mvua siku yoyote ya mwaka. Siri iko kwenye kina: kichambo kipite shubiri moja juu ya changarawe. Kama chelezo halijawahi kusita kwa kugusa chini, bado uko juu mno. Ongeza chubwi ndogo au shusha kichambo.

Mto ukijaa, samaki hawahami mbali. Husogea ukingoni, nyuma ya magogo na miamba iliyokuwa pakavu asubuhi, na hapo mvuvi wa mashua huwafikia kwa chambo kikubwa kinachoiga samaki mdogo. Trauti wa kahawia wakubwa hupendelea maji hayo. Katika majira ya baridi kali, vidagaa vya ziwani vinavyoitwa shadi hufa kwa baridi na kunyonywa na mashine, vikatoka chini vimelegea au vimekatika, na trauti hula mpaka wavimbiwe. Kwa upande mwingine, kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa mwaka maji ya chini ya ziwa huishiwa oksijeni, na samaki aliyepiganishwa kwa muda mrefu huenda asipone. Mlete upesi, usimtoe majini, mshike akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Mto wa akiba

Bull Shoals ikiwa imefunguliwa yote, safari haijaharibika. Norfork ina mto mfupi wa takribani kilomita 8 kabla haujaingia White River, na mara nyingi huendeshwa kwa saa tofauti. Kwa ufupi wake hupanda upesi, hivyo kaa karibu na ukingo. Kusini zaidi, kwa mwendo wa saa mbili hivi, kuna Little Red River chini ya bwawa la Greers Ferry, lililozinduliwa na Rais Kennedy Oktoba 1963. Huko ndiko Howard Collins alikomvua trauti wa kahawia wa kilo 18.3 mwaka 1992, akashikilia rekodi ya dunia mpaka 2009. Mabwawa yote matatu yako kwenye jedwali lilelile moja, kwa hiyo kuyasoma pamoja hakukuongezei kazi.

Ukimaliza

Mwani uitwao didimo, unaofanana na manyoya machafu yaliyolowa, umo kwenye mto huu na husafiri kwa viatu vya wavuvi. Osha viatu, suruali na wavu, kisha uvikaushe kabisa kabla ya kuingia mto mwingine. Halafu, ukiwa bado unakumbuka, andika kwenye daftari saa mashine zilipowashwa, idadi ya megawati, mahali uliposimama na dakika jiwe lako lilipofunikwa, kwa sababu kasi ya maji niliyotaja hapo juu ni kadirio, na kipimo cha kweli cha kituo chako utakipata hivyo tu. Mstari wa mwisho kwenye daftari langu unasema: "Cotter. Waliwasha saa 2 kamili asubuhi, megawati 45. Jiwe limezama saa 7 na dakika 20 mchana."